Shahidi wa Sabato

Askari wa kizuizi cha barabarani alipokea kadi tatu kupitia dirisha la gari, akazisoma moja moja, kisha akamwonyesha dereva kwa kidole barabara ya pembeni, ile wanayopitishwa wasio Waislamu ili wasiingie Makka. Lawrence, dereva kutoka Bungoma, alishukuru, akakata kona. Kwenye kiti cha nyuma Miriam aliirudisha ikama yake, kadi ya ukaazi, kwenye pochi bila kuitazama. Alijua ilivyosema. Palipoulizwa dini paliandikwa Mkristo, neno alilojaziwa na wakala wa Nairobi ambaye hakuinua hata kichwa alipoambiwa kwamba mteja wake ni Myahudi.

"Madam, hapa kuna Muslim na kuna Christian," alimwambia. "Nikuwekee gani?"

Wakala akamchagulia.

Kando yake Selipher alikuwa amelala, mdomo wazi. Walikuwa wafanyakazi wa nyumba moja huko Al-Naseem, Riyadh. Familia ilikuwa imetangulia Jeddah kwa ndege, kupumzika kwenye jumba la dada yake madam wao mtaani Al-Hamra, na wao wawili walifuata kwa barabara pamoja na mizigo, safari ya kutwa nzima. Simu ya Miriam ilitikisika. Ilikuwa Rabi Naomi, kutoka Amerika, kwa mara ya nne tangu asubuhi. Miriam alisoma ujumbe ule kama mtu anayesoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya sabuni. Kwa miezi kadhaa sasa mambo yalikuwa yakimfikia hivyo, kutoka mbali.

Babu yake, kule nyuma ya Ol Kalou, aliisoma Biblia akaishia njiani. Alisema nusu ya kwanza ilimtosha. Akaliacha kanisa, akajenga sinagogi ya mabati, na watu wapatao arobaini wakamfuata. Miaka mingi baadaye marabi watatu walikuja kutoka Amerika, wakawauliza maswali siku mbili, wakawazamisha mtoni kuwaingiza katika Uyahudi na kuwapa vyeti. Kijiji kizima kililia kwa furaha. Lakini Miriam alipoomba ruhusa ya kwenda kuishi Israeli, ofisi ya huko ilijibu kwamba marabi wale haikuwatambua, na kwamba, hata kama ingewatambua, angepaswa kuthibitisha kuwa ameishi Kiyahudi tangu siku ile ya mtoni. Wakataka nakala ya kila hati yake. Ndipo ile ikama ilipofika Yerusalemu ikiwa na neno lile, Mkristo.

"Sasa tunahitaji shahidi," Rabi Naomi, aliyekuwa akimsaidia na ombi lile, alikuwa amemwambia kwa simu. "Mtu aliyeishi nawe na kukuona ukiishika Sabato. Fikiria, Sabato ndani ya Riyadh! Hawatakuwa na la kusema. Ukipita wewe, tumewashinda."

Miriam alijiuliza ni nani hao waliokuwa wakishindana, na tangu lini. Siku ya mwisho ya kupeleka ushahidi ilikuwa Ijumaa, saa tatu usiku.

Shahidi alikuwa mmoja tu duniani, naye alikuwa akikoroma kando yake. Selipher alikuwa Msabato wa Nyamira, wa kuzaliwa. Jumamosi ya kwanza walipolala chumba kimoja, alipomwona Miriam hagusi nguo zake chafu, alimkumbatia. "Kumbe wewe ni Msabato mwenzangu! Mungu hajanitupa." Miriam alimwacha aamini hivyo. Ulikuwa uongo mdogo, ukalishwa miaka miwili ukanenepa.

Sabato yenyewe ilikuwa kiraka. Madam hakuwa na siku ya mapumziko ya kumpa mtu, na Miriam alipiga deki na kubeba sinia Jumamosi kama siku nyingine. Basi alijiwekea sheria yake: kazi ya madam ni ya madam, lakini tangu jua la Ijumaa litue hadi nyota za Jumamosi zitoke, yeye hatafanya lolote lililo lake. Hatachana nywele, hatashona kifungo, hatampigia mama yake simu. Ndicho kipande pekee cha maisha kilichokuwa mkononi mwake, na alikishika bila furaha wala huzuni.

Alimwambia Selipher kesho yake, Ijumaa, alasiri, katika chumba chao cha juu Al-Hamra, baada ya vyombo vya mchana. Alimwambia yote, hata la mtoni. Selipher alisikiliza huku akikunja taulo moja, akiikunjua, akiikunja tena.

"Kwa hivyo miaka miwili tukiomba pamoja, ulikuwa unaniangalia tu?"

"Nilikuwa naomba pia."

"Uliomba nani, Miriam?"

"Huyo huyo. Wa mwanzo."

"Si ungeniambia tu? Ulifikiri ningekuripoti kwa madam?" Macho yake yalijaa machozi, akayafuta kwa taulo ya wenyewe. "Na hiyo barua, wanataka niseme nini?"

"Rabi anataka useme mimi ni Myahudi wa kweli."

"Hiyo sitaandika. Sijui Myahudi wa kweli anakaa vipi. Nitaandika nilichoona."

Aliandika polepole, akachana karatasi mbili, akaanza upya kwa mwandiko wa shule. Magari ya wageni wa madam yalianza kuingia getini. Alipomaliza, Miriam alisoma:

"Mimi Selipher Kemunto nimelala chumba kimoja na Miriam miaka miwili. Siku ya Sabato hafanyi lake. Siku moja alijikata kidole na hakujifunga, mpaka nikamfunga mimi. Imani yake nilidhani ni yangu. Sikujua jina lake lingine, lakini kuishika ameishika, na mimi nimeona."

Miriam aliisoma mara mbili. Akaipiga picha, akatafuta jina la Rabi Naomi, na kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma, pale adhana ya magharibi ilipopigwa, kwanza msikiti wa karibu, kisha mingine yote kuelekea baharini. Jua lilikuwa limetua. Kidole kilisimama hewani.

"Tuma," Selipher alisema.

"Ni yangu hii."

Selipher alielewa, hakuna mwingine duniani ambaye angeelewa. Simu ilitikisika. Tuma sasa, Rabi aliandika, bado kuna muda, Mungu ataelewa, fikiria watu wako arobaini. Miriam aliwafikiria. Aliwaona mmoja mmoja kwenye mabenchi yao.

"Nipe nitume mimi," Selipher alisema, akanyoosha mkono.

"Na Sabato yako?"

"Yangu nitaijibia mwenyewe."

Hapo Miriam alihisi kitu, cha kwanza baada ya muda mrefu, nacho kiliuma kiasi kwamba alilazimika kukaa. Alitaka kusema ndiyo. Alitaka kusema usithubutu. Lolote kati ya hayo lingekuwa lake.

"Miriam! Gahawa, yalla!" Madam aliita kutoka chini.

Alifunga mtandio, akaiacha simu kitandani ikiwa inawaka, akateremka. Aliwamiminia kahawa wanawake tisa, akazungusha tende, akarudi na birika la pili, akaosha vikombe. Saa ya ukutani ilipita saa tatu akiwa anaifuta meza.

Aliporudi chumbani, taa ilikuwa bado inawaka, maana usiku wa Sabato hakuna kati yao aliyewahi kuizima. Simu ilikuwa giza. Selipher alikuwa amejilaza akiukabili ukuta, hajalala. Ilijulikana kwa pumzi zake. Miriam alikaa kwenye ukingo wa kitanda chake. Swali la kama ametuma lilimjia hadi kwenye meno, naye akalizuia hapo, maana kuuliza nako kulikuwa kujitafutia lake, na nyota za Jumamosi zilikuwa bado mbali.