Shemeji Mwenye Nguvu

Kila gesi ilipoisha, fundi cherehani alilazimika kumwomba shemeji yake, mdogo wa mumewe, ampandishie mtungi mpya hadi ghorofa ya tatu. Mume alikuwa dereva wa malori, nyumbani haonekani. Na shemeji hakuinua kitu mpaka aambiwe, majirani wakisikia: "Shemeji mwenye nguvu, naomba." Fundi alisema huku roho ikimchemka. Siku jamaa alipoongeza, "Piga na goti kidogo," akalipiga. Lakini aliapa moyoni kwamba maneno hayo yatamrudia mwenyewe.

Akaenda duka la vifaa vya mazoezi. Muuzaji alimpeleka mbio kwenye mashine kubwa kama kitanda.

"Hii nikaiweke wapi, kichwani?"

Mpira wa kuvuta aliupenda, akachukua mmoja. Vyuma vidogo vya rangi ya waridi, vyepesi kama mwiko, alivirudisha kwa dharau. Mwishowe akaona chuma cha mviringo chenye mpini juu. Alipokishika, kiganja kilidhani ni mtungi.

"Hiki."

"Dada, kizito hicho."

"Ndiyo maana."

"Basi kunja magoti, mgongo unyooke. Ukiinua kwa mgongo, utajuta."

Mwanzoni mazoezi yalimwacha na mikono inayouma, akashindwa hata kushika mkasi, na pindo la gauni la mteja likaenda upogo. Hakuacha. Kila alipochoka alilikumbuka lile goti, na hasira ikakinyanyua chuma pamoja naye. Haba na haba hujaza kibaba.

Gesi ilipoisha tena, alipandisha mtungi mwenyewe. Shemeji akapata habari, akapanda ngazi amenuna kama aliyenyang'anywa haki yake. Akakiona chuma mlangoni.

"Kumbe haka ndiko kanakokutia kiburi?"

Akainama, miguu wima, akakinyakua kwa mkono mmoja. Mgongo ukalia ka! Akabaki amepinda palepale, anatazama sakafu.

"Shemeji, nishike... nishushe ngazi."

Fundi akakaa kwenye cherehani yake. Utamu ulioje! Akaanza kukanyaga.

"Sema kama inavyosemwa hapa."

Jamaa akanong'ona, "Shemeji mwenye nguvu, naomba."

"Sikusikii, cherehani ina kelele."

Akarudia kwa sauti, na milango ya majirani ikafunguka mmoja mmoja.

Fundi akakata uzi, akainuka bila haraka, akampa bega.

"Goti nimekusamehe," akasema. "Ungelikunja mapema, usingefika hapa."