Kitabu Kinene cha Mbeyu

Mbeyu alihifadhi kitabu kizima akitwanga. Alikiegemeza kwenye kizingiti cha jiko, akatazama mstari, akanyanyua mchi, na kila mchi uliposhuka kinuni, maneno ya Kiingereza yalishuka nao. Kurasa mia mbili na kumi na nne. Alikuwa na miezi mitatu kabla ya mtihani.

"Na mashine yenyewe ikisikia hayo itaitika?" mama yetu, Esha, alimuuliza huku akipepeta.

"Haisikii, Mama. Inaandikiwa."

"Basi ina nafuu. Salimu huambiwa na kuandikiwa, na haitiki kotekote."

Salimu ni mimi, kaka yake. Nilicheka pamoja nao. Nyumba yetu ya Galu ilikuwa na kicheko wakati ule.

Ulikuwa mwaka wa nne wa Uhuru. Shirika moja la Mombasa lilikuwa limeleta kompyuta, mashine ya kujaa chumba, likatangaza gazetini kwamba litawafunza vijana wa hapa kuiandikia amri, kazi iliyokuwa ya Wazungu peke yao. Waliomaliza kidato cha nne wangefanya mtihani, wachukuliwe wanne. Mbeyu alikuwa amemaliza. Posa mbili zilikuwa zimeletwa na kurudishwa kwa sababu alikuwa anasoma. Ya tatu, mjomba alisema, haitarudi ila aajiriwe. Kwa hiyo Mbeyu alikuwa na mtihani ule tu.

Kitabu nilikichagua mimi. Baba alikuwa amekwisha kufariki, nami ndiye niliyekuwa na kazi, karani wa ofisi ya Matuga. Tulikwenda Mombasa Jumamosi moja, na mwenye duka la vitabu akatuwekea viwili mezani. Kimoja chembamba, cha michoro. Mbeyu alikifungua katikati, akakuta picha ya mikono inayopanga vikombe, kidogo mbele, kikubwa nyuma, na chini yake amri fupi fupi. Alisoma akitabasamu.

"Kaka, hiki nimekielewa hapa hapa, nimesimama."

"Ndiyo maana si chenyewe," nikamjibu. "Kitu ukikielewa umesimama, hakijakufunza kitu."

"Bwana, dada ndiyo kwanza anaanza?" mwenye duka aliuliza.

"Anaanza."

"Basi hicho kinene ni cha mtu aliyekaa na mashine mwaka mzima. Mwache aanze na hiki."

Nilitazama viatu vyetu, vyekundu kwa vumbi la kwetu, nikaona anatupimia elimu kwa viatu. "Sisi tumepita chuoni," nikamwambia. "Hatuogopi unene."

Nilikuwa nikisema kweli niliyoijua. Mimi na Mbeyu tulifunzwa kusoma chuo cha Kurani, chini ya maalim. Hapakuwa na picha wala vikombe. Ulihifadhi, ukakosea, ukarudia, na maana ikakujia baadaye, umekwisha kuwa mtu mzima, kama mgeni anayekuta nyumba imefagiliwa. Mbeyu alihitimu akiwa na miaka tisa, na wazee wakamlilia kwa furaha. Siwezi kuilaumu njia ile kwa kile ilichowekewa. Mimi ndiye niliyeipeleka pasipo pake. Niliamini kitabu ni kitabu: ukikibeba chote kifuani, siku ya kuulizwa kitakujibia.

Jioni ya mtihani alirudi, akavua viatu, akakaa mkekani.

"Wamekuuliza nini?"

"Waliweka kadi kumi mezani, Kaka, zina namba, zimechanganywa. Wakasema tuna mashine isiyojua ila mambo mawili: kulinganisha kadi mbili, na kuzibadilisha nafasi. Niiandikie amri ipange zote, kuanzia ndogo."

"Nawe?"

"Niliandika ukurasa wa themanini na moja mpaka wa themanini na sita. Sikuacha hata nukta." Alisema taratibu, kama anayesoma. "Msimamizi alisoma yote. Akasema kitabu nimekinakili sahihi, ila si jibu. Halafu akaniuliza nani alinichagulia kitabu kile."

"Ukamwambia nani?"

"Nilimwambia nilichagua mwenyewe."

Hakulia. Alinitazama mpaka mimi nikainamisha macho, kisha akainuka kumsaidia Mama kukuna nazi.

Aliolewa kabla ya Ramadhani, Samburu, na mwenye duka la barabarani. Mtu mwema, sina la kumsema. Mara moja nilikwenda kumtembelea Mbeyu. Alikuwa mjamzito, amekaa nyuma ya kaunta, akanionyesha namna alivyozipanga upya bidhaa za duka ili mumewe asizunguke. Nilimwuliza kama anakumbuka kile kitabu. "Chote," akasema. "Sijui namna ya kukisahau."

Alifariki akijifungua, mwezi wa saba wa mwaka uliofuata, yeye na mtoto. Tuliwazika huko huko.

Mwezi wa tisa barua ilifika ofisini Matuga, kwa jina lake na anwani yangu. Msimamizi hakuwa amemsahau. Alimwita tena kwenye mtihani, Jumatatu ya mwisho wa mwezi, saa mbili asubuhi hadi saa tano. Kiti kimetengwa kwa jina lake. Asipoweza kufika, atoe taarifa mapema apewe mwingine.

Kazi yangu ni kujibu barua. Nimewajibia watu kuhusu mashamba, kodi, mirathi. Nilivuta karatasi mara tatu, nikaandika tarehe, nikakwama. Mama aliuliza kama nimewajibu. Nikamwambia kesho, na kesho yake nikamwambia hivyo hivyo. Nilijua kuna kijana wa watu ninayemnyima nafasi.

Jumatatu ile nilikaa ofisini nikitazama saa ya ukutani. Mbodze, mpiga chapa wetu, akaniuliza, "Unamngoja nani, Bwana Salimu?"

Mombasa, katika ukumbi ambao sijawahi kuuona, karatasi ilikuwa juu ya meza yenye jina la dada yangu, na mtu alikuwa akiutazama mlango. Kwa muda ule Mbeyu alikuwa amechelewa tu.

Kisha ikawa saa tano.