Vitafunio vya Msusi

Tangu ndoa ivunjike na mtoto abaki kwa baba yake, msusi alikuwa ameachiwa jambo moja tu: vitafunio vya shule. Mengine yote, viatu, homa, hata nywele zenyewe za binti yake, yalikuwa mikononi mwa mke mpya wa baba huyo. Basi vitafunio hivyo akavivalia njuga. Alianza kwa kusugua vidole kwa limau hadi harufu ya mafuta ya nywele itoke, ndipo akate karoti vijiti vyembamba, amenye yai, apange vipande vya papai pembeni visilowanishe karanga. Biskuti hazikukanyaga kopo lile. Mwalimu alikataza sukari, na msusi alikataza kuliko mwalimu.

Kila asubuhi alimkabidhi bintiye kopo kwenye geti la shule, jioni akalipokea tupu. Tupu kabisa! Saluni nzima ilikuwa imechoka kuambiwa.

"Wenzake wanatupa karoti," alijigamba, huku akivuta nywele za mteja hadi mteja akalengwa na machozi. "Wangu hasazi hata karanga. Mtoto anaujua mkono wa mama yake."

Siku moja mteja wa asubuhi hakutokea, naye akasema ngoja nikamwone anavyokula. Alifika wakati wa mapumziko. Kwenye kibanda cha getini mlinzi alikuwa ameketi, kopo lile lile mapajani, akitafuna karoti kwa raha zake.

"Karibu, mama!" Mlinzi hakuwa na hili wala lile. "Binti yako ana roho nzuri. Kila siku ananiletea. Tazama, hata kitambi nimeanza kuota."

Msusi akamwita mtoto, akamvuta pembeni ya ukuta.

"Kuna nini? Mama mdogo amekukataza kula vyangu?" Mama mdogo ndivyo mtoto alivyomwita yule mke mpya. Na tuseme ukweli, msusi aliomba jibu liwe ndiyo, apate wa kugombana naye.

"Hapana, Mama. Kule tunakula wote mezani asubuhi. Uji, mayai, matunda. Nafika hapa nimeshiba."

"Si ungeniambia?"

"Ungelia." Mtoto alitazama viatu vyake, vilivyong'arishwa vizuri na mtu mwingine. "Kwa hiyo nampa mlinzi, ili ufurahi."

Hapo ndipo msusi alipokata tamaa kabisa. Hakukuwa na mbaya wa kumlaumu. Mwanawe alikuwa na afya tele, amesukwa mistari iliyonyooka kuliko ambavyo yeye mwenyewe angeinyoosha, naye, Mungu amsamehe, alitamani angemkuta na njaa. Njaa kidogo tu, ya kumhitaji. Kumbe siku zote hizo mtoto mdogo ndiye aliyekuwa akimbembeleza yeye.

"Kesho nikuwekee nini?" aliuliza msusi.

"Chochote tu, Mama. Usijisumbue."

Kengele ikalia. Msusi alimvutia kifuani, na mtoto akakubali kukumbatiwa, ametulia tuli, mikono yake ikining'inia. Kisha akamsindikiza mama yake mpaka getini, kama alivyofundishwa kule nyumbani kuwafanyia watu wanapoondoka, akampa mkono.

"Asante kwa kuja," alisema. "Karibu tena."