Tenga Lenye Vishikio Viwili

Tarehe tatu Novemba, asubuhi ya manyunyu na baridi ya kukunja vidole, Mama Shuka alisimama mbele ya mashine kubwa ya kufulia akijaribu kuinua mkono wake wa kulia. Ulifika usawa wa kifua, ukagoma.

"Uache," wifi yake alimwambia. "Utaumaliza kabla hujaitwa."

"Naupasha moto tu."

"Wifi, huo si mkono wa kupasha moto. Huo ni wa kubembeleza."

Walicheka kidogo, kicheko cha midomo tu. Huyu wifi alikuwa mdogo wa marehemu mumewe. Tangu walipoajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali hii ya serikali, wawili hao walibeba tenga moja: mmoja kishikio hiki, mwenzake kile, mashuka mabichi katikati, kutoka kwenye mashine hadi kwenye kamba za kuanikia. Walikuwa wamezoeana hata hatua. Mmoja akipiga chafya, mwingine alipunguza mwendo. Jioni walirudi nyumba moja, wakala sufuria moja.

Kisha ikaja sheria mpya ya pensheni. Umri wa kustaafu ulisogezwa mbele, na hospitali ikatakiwa kumchangia zaidi kila mtumishi aliyebaki kazini. Hospitali haikuwa na fedha hizo. Ilikuwa na wazo. Kila mtumishi wa kazi za mikono apimwe nguvu, peke yake. Atakayeweza, atabaki hadi umri mpya. Atakayeshindwa ataondoka siku hiyohiyo, arudishiwe makato yake, na pensheni ya kila mwezi aisikie kwa wenzake. Kwa sheria ya zamani, Mama Shuka angestaafu kabla ya mwaka kwisha.

"Kaa pale," wifi alisema. "Matenga yetu mawili ya kupimiwa nitayajaza mimi."

Mama Shuka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akamwona wifi yake akichungulia mlangoni, akachota mashuka makavu rafuni na kuyashindilia katikati ya tenga moja, kisha akayafunika kwa mabichi yanayotiririka maji.

"Lako hilo," alinong'ona. "Ndani ni makavu. Mabichi yaliyozidi nimeyatia kwangu, mimi bado nina mgongo. Ila ukinyanyua, kunja uso kidogo, wasije wakadhani umebeba mto."

"Wifi, huu si wizi?"

"Wizi wa nini? Mashuka yote si ya hospitali?"

Mama Shuka aliinuka. Aligeukia ukuta, kama alivyofanya kila asubuhi kabla ya kugusa kazi, akafumba macho. Mungu wangu, aliomba, kama hili ni kosa, nihesabie mimi, usimhesabie yeye. Na kama utaona inafaa, nishikie kishikio cha pili.

Afisa kutoka makao makuu alikuwa binti mpole mwenye viatu vizuri. Aliruka madimbwi ya sabuni mojamoja mpaka akafika katikati ya chumba. Nyuma yake alikuja msimamizi, ambaye wafanyakazi walimwita Mvuke akiwa hayupo, kwa kuwa alitokea na kutoweka bila kishindo.

"Shikamooni, mama zangu," afisa alisema.

"Marahaba, mwanetu," waliitikia kwa pamoja.

"Msiogope. Nataka haki itendeke tu. Kwingine nimekuta watu wamejipunguzia mzigo. Kwa hiyo hapa kila mtu atabeba tenga la jirani yake."

Matone tu yalisikika yakianguka kutoka kwenye matenga.

Wifi aliitwa kwanza. Alilikumbatia tenga la Mama Shuka, akalivuta kwa nguvu aliyokuwa ameiandaa kwa lake mwenyewe. Tenga likaruka juu mpaka kidevuni. Hapo akakumbuka, akakunja magoti, akaguna kama mtu aliyebeba gunia la mawe.

Chumba kililipuka kwa vicheko.

"Jamani, huyu si mtu, ni winchi!" mpiga pasi alipiga kelele. "Mwacheni afanye kazi hata akiwa kaburini!"

Wifi alilitua tenga. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Usilie, mama," afisa alisema kwa upole. "Umefaulu."

"Afisa," wifi alianza, "lile tenga langu..."

"Lile tenga ni langu sasa," Mama Shuka alimkatiza, akamkazia macho mpaka yule mwingine akainamisha uso. Walikuwa na nyumba moja na sufuria moja. Ukweli ungewatoa wote wawili kwa mkupuo.

Alilisogelea. Lilikuwa limesukwa kwa ajili ya watu wawili. Aliye peke yake hana budi kulikumbatia kama mlevi anayerudishwa nyumbani. Akalikumbatia. Likapanda hadi magotini. Likapanda hadi mapajani, maji yakimwingia kifuani, na kwa kitambo kidogo alihisi kana kwamba kweli kuna mtu upande wa pili. Kisha bega likalia, tko, kama kijiti. Tenga likapinduka, na mashuka yakatapakaa sakafuni.

Afisa aliruka kuokoa viatu vyake.

"Hayo yote yafuliwe upya," Mvuke alisema. Baadaye ndipo akakumbuka. "Pole, mama. Sheria sikuitunga mimi. Lakini na wewe, kuaga ndiyo kutuongezea kazi?"

Wachache walicheka, kwa kuwa aliyefanya mzaha alikuwa msimamizi.

Mama Shuka alipiga magoti na kuanza kuyakusanya kwa mkono wa kushoto. Aliyarudisha tengani moja baada ya jingine, akinyoosha pindo za kila moja kwa mazoea. Tenga lilipojaa alishika kishikio cha upande wake, akasubiri. Wifi akainama kushika cha pili.

"Hapana," Mvuke alisema. "Mmoja mmoja. Hayo ya zamani yamekwisha."

"Wanaobaki watatoa ahadi," afisa alieleza. "Kwa sauti, mbele ya shahidi. Aliye karibu anatosha." Akatazama chini. "Mama, utamshuhudia mwenzako?"

"Nitamshuhudia," Mama Shuka alisema. Alibaki palepale kwenye magoti, mkono wa kulia ukining'inia, wa kushoto bado uko kwenye kishikio. Kile cha pili kilikuwa kimeelekea upande wa wifi yake, kikidondosha maji.

Wifi aliinua mkono. Afisa alimtajia maneno, naye akayarudia kwa sauti ya chini.

"Zaidi kidogo, mama. Wa nyuma hawasikii."

"Naahidi," wifi alisema kwa sauti, huku akikitazama kile kishikio, "mbele ya wenzangu wote, kwamba kuanzia leo nitabeba mzigo wangu peke yangu, na sitamwomba mtu yeyote anisaidie."