Dawa ya Kapteni Talam

Kapteni Talam alikuwa na miguu miwili kama watu wengine, lakini ukimsikiliza ungedhani ni mali ya serikali. Baada ya mazoezi ya jioni, wakimbiaji wa shule wakiwa bado wanahema na vumbi jekundu limewafika magotini, yeye aliketi kwenye kiti pekee cha bweni, akainua kidole, na somo la nyayo likaanza.

"Mguu ni injini," alisema. "Injini ikichemka unafanya nini, Suter?"

"Unaitia maji, kapteni."

"Baridi. Halafu?"

"Unaviringisha gunzi chini ya unyayo, kisha unalala chali, miguu juu ya ukuta."

"Asiyejua hayo arudi kwao akachunge kondoo."

Kibor wa kidato cha pili alilisikiliza somo hilo akiwa amesimama na ndoo mbili. Mafundisho yenyewe hayakuwa mabaya. Hata Mwalimu Chesire, kocha wao, aliyasema hayohayo kwa maneno machache zaidi. Ubaya ulikuwa kwenye foleni. Maji ya kijito yalikuwa baridi ya kuuma meno, na Kibor ndiye aliyeyapandisha mlimani kulijaza karai. Talam alitumbukiza miguu kwanza, akafumba macho kama askofu. Baada yake Birgen, msaidizi wake. Baada ya Birgen, kidato cha nne wote, kisha cha tatu. Karai lilipomfikia Kibor lilikuwa supu: vuguvugu, jekundu, na lenye harufu ambayo mbwa wa mlinzi aliikimbia.

Na kisigino chake cha kushoto kilikuwa kinawaka kila asubuhi akishuka kitandani. Jumamosi kulikuwa na mbio za mchujo. Sita wangechaguliwa kwenda mashindano ya kaunti, na mwaka uliopita Kibor alikuwa wa saba. Wa saba! Alibaki bwenini akisikia basi likiondoka na nyimbo zake. Hakutaka kuusikia mlio ule tena.

Kwa nini basi asitie mguu kijitoni hukohuko alikochota? Kwa sababu Talam alikuwa ametangaza kwamba maji yanayotembea huondoka na mbio za mtu. Unatia mguu, kasi yako inateremka bondeni kwenda kuwanufaisha mamba. Upuuzi mtupu, na Kibor alijua. Ila ulikuwa upuuzi wa mtu ambaye hajawahi kushindwa, na upuuzi wa namna hiyo hupata wafuasi. Hata yeye, akichota, aliruka juu ya mawe asije akalowa kidole.

Jumatano akapata wazo. Kando ya kijito ulistawi upupu wa kijani kibichi, mtamu kwa macho. Akavaa soksi mikononi, akakata fungu, akalilaza chini ya karai, akamimina maji ya matope juu yake usionekane. Mpango ulikuwa rahisi: Talam ataingia, ataruka, atapiga mayowe; foleni itavunjika, na Kibor atajichotea maji mapya ya peke yake.

Talam akatumbukiza miguu.

Shingo ikamkaza. Sikio moja likacheza. Machozi yakaja hadi ukingoni mwa jicho, yakachungulia nje, yakarudi ndani. Bweni zima lilikuwa linamtazama, na hapo Kibor akang'amua kwamba alisahau hawa ni akina nani. Kila mmoja pale alikuwa ametoka jandoni, na aliyetoka jandoni hakunji uso mbele ya wenzake hata umpige pasi.

"Kuna nini, kapteni?" Birgen aliuliza.

Talam alishusha mkono, akapapasa chini ya maji, akaelewa.

"Hakuna kitu. Leo nimetia dawa," alisema polepole. "Upupu. Unaamsha damu. Njoo uingie."

Birgen akaingia. Uso ukawa rangi ya majivu.

"Unasikiaje?"

"Tamu."

"Damu je?"

"Imeamka, kapteni. Imeamka yote."

Basi vijana wenye ndevu zinazochipua wakapanga foleni kwenda kuumia, na kila aliyetoka alimsifia dawa anayefuata. Suter alidai anajisikia mwepesi kama unyoya, huku akitembea kama kuku juu ya bati la moto. Kibor aliwatazama, dharau ikamjaa mpaka kooni. Afadhali wangekuwa wamedanganywa. Waliambiwa wazi kwamba ni upupu, wakasema asante.

"Kibor! Zamu yako."

"Siingii."

"Unasemaje?"

"Upupu unawasha, kapteni. Siingii."

Bweni likalipuka.

"Huyu bado ananyonya!"

"Wewe, ulipelekwa jandoni au ulipelekwa dukani?"

"Mwiteni mama yake amshike mkono!"

Masikio yalimchoma kuliko upupu wowote. Angeweza kuingia, akanyamaza, akabaki mwanaume. Akakifikiria kisigino. Akalifikiria basi. Akachukua ndoo tupu, akatoka.

Kijitoni alivua viatu, akasita kidogo, na kwa kusita huko akajidharau pia. Kisha akaingia hadi vifundoni. Baridi ikampanda mpaka kwenye meno. Alisubiri kuisikia kasi yake ikiondoka; kilichoondoka, taratibu, kilikuwa maumivu. Alirudi Alhamisi, akarudi Ijumaa. Walimwita Mama Kibor, na hakuna aliyemfuata.

Jumamosi Talam alishinda. Inauma kulisema, lakini alishinda kwa mbali, na vipele vimemjaa mpaka kwenye mashavu ya miguu. Wajinga wengine wamejaliwa mapafu. Kibor, kisigino kikinung'unika tu bila kupiga kelele, alimpita Suter kwenye kona ya mwisho, akamaliza wa sita. Mwalimu Chesire alilisoma jina lake mara moja, bila kuinua macho. Ilitosha.

Talam akamjia, taulo shingoni.

"Una bahati, kijana. Ungeloweka miguu kwenye dawa ungekuwa wa pili."

"Bila shaka, kapteni."

"Sasa upupu ndio dawa rasmi ya timu, kila jioni mpaka siku ya kaunti. Wewe unaogopa, sawa, hatukulazimishi. Lakini huwezi kukaa bure. Utakuwa unatukatia."

Kibor akasimama wima, mikono ubavuni, uso kama wa mtu aliyeko kanisani.

"Ndiyo, kapteni. Mwingi au kidogo?"

"Mwingi," alisema Talam. "Na uwe mbichi."