Uzi wa Nje

Mashine ya Fakhriya iligoma katikati ya tausi. Ilikuwa imeshadarizi kichwa, shingo na nusu ya mkia kwenye mkono wa gauni la bibi harusi wa Magomeni, mara ikatoa mlio wa kujidekeza na kuandika kwenye kioo chake: "Samahani, mpendwa. Uzi huu hatuutambui."

"Mpendwa wa mama yako!" Fakhriya aliijibu.

Uzi wenyewe, aliouvisha punde tu wa kwanza ulipoisha, alikuwa ameununua mlango wa pili, kwa Jasvanti, muuza vitambaa ambaye Mtaa wa Narung'ombe wote ulimwita Mama Megha. Ulikuwa uzi wa dhahabu, unang'aa vizuri tu. Lakini mashine hii ya kompyuta ilitoka kampuni ya Zumari, na Zumari walitaka ishone kwa uzi wao peke yake, wenye kidubwasha cha kujitambulisha ndani ya koni. Na uzi wao ulikuwa umeisha nchi nzima. Wakala wao wa Posta, mjini kati, alisema kontena bado liko baharini, akamshauri amwombe bibi harusi asubiri.

"Na bwana harusi naye nimwambie asubiri?" Fakhriya alisema, akakata simu.

Ikabidi amalizie kwa mkono. Miaka mingi ilikuwa imepita tangu ashike sindano kwa kazi ya namna hiyo, na tausi wa mkono wa kushoto wakatoka kama bata walionyeshewa mvua. Siku ya harusi mama mkwe alivaa miwani, akawakagua mmoja mmoja, akauliza kwa sauti kama huo ndio mtindo mpya. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Baadaye magazeti yaliandika kwamba Fakhriya aliishtaki Zumari kwa uchungu wa haki za mlaji. Waliomsukuma ni wale bata.

Alipeleka malalamiko kwenye baraza linalosikiliza kesi za ushindani wa biashara. Mafundi wenzake wa Kariakoo walimpongeza, wakaapa watakuja wote. Siku ya kusikilizwa, kule Posta, alikuja Mama Megha tu, naye alifuata kiyoyozi.

Wakili wa Zumari aliitwa Azzan, kijana mwenye suti iliyombana kila mahali panapopendeza kubanwa. Alizungumza vizuri mpaka Fakhriya akajikuta anaburudika.

"Zumari ni familia, waheshimiwa," alisema. "Mashine, uzi, michoro, vyote vinajuana. Ukiingiza mgeni, ubora unaharibika, halafu lawama inakuja kwetu."

"Mashine mimi niliinunua," Fakhriya alidakia. "Sikuposwa."

Mwenyekiti, mama wa makamo aliyeitwa Winifrida, alimwomba asubiri zamu yake.

Zamu ilipofika, Azzan hakuuliza habari za mashine. Aliwasha picha ukutani. Ulikuwa mlango wa duka la Fakhriya, na juu yake karatasi yenye maandishi makubwa: KITAMBAA CHA NJE HAKIPOKELEWI. USIBISHE.

Huko viti vya nyuma Mama Megha alicheka mpaka akapaliwa. Miaka yote wateja walikuwa wakinunua kitambaa kwake, wakakataliwa mlango wa pili, wakarudi kumnunia yeye.

"Karatasi hii ni ya nani?" Azzan aliuliza.

"Yangu."

"Na kwa nini hupokei kitambaa cha nje?"

"Kwa ajili ya ubora. Kikiharibika, lawama inakuja..." Maneno ya Azzan yalikuwa yanatoka kinywani mwa Fakhriya mwenyewe, yalikosa suti tu. Azzan alitabasamu kama mtu aliyeletewa sahani ya pilau asiyoiagiza.

Fakhriya alifikiria kudanganya, akaona uvivu.

"Mheshimiwa mwenyekiti, hapo kwenye ubora nimesema uongo," alisema. "Ile karatasi nimeibandika ili wateja wanunue kitambaa changu, faida yake nayo niile mimi. Ni tamaa. Na Zumari wana tamaa hiyohiyo, ila yao imevaa tai. Lakini mteja akinichukia mimi, anavuka barabara, mafundi wamejaa. Na akishachukua gauni lake, ni lake. Siwezi kukaa kwangu nikabonyeza kitu, zipu yake ikagoma ukumbini kwa kuwa kavaa viatu vya duka jingine. Hawa wanaweza. Wameshaniuzia, na bado wamo ndani ya mashine yangu, wananiita mpendwa!"

Mjumbe mmoja alicheka, akajifanya anapiga chafya. Winifrida alimgeukia wakili.

"Hiyo ya zipu unaijibuje?"

Azzan alifungua faili, akalifunga. "Tutawasilisha kwa maandishi, mheshimiwa."

Uamuzi ulitoka mvua za vuli zilipoanza. Zumari waliamriwa waondoe kizuizi chao, mwenye mashine atumie uzi anaoutaka. Walikata rufaa, wakashindwa tena, wakakiondoa.

Kuhusu karatasi ya mlangoni, baraza halikusema neno. Aliyesema ni Mama Megha. Alikuja dukani na jora la hariri ya kijani begani.

"Zumari umeshawafungua. Wewe nani atakufungua?"

"Mimi sikushtakiwa, Mama Megha."

"Nikushtaki? Njia ya Posta sasa naijua. Na kiyoyozi chao kizuri."

Fakhriya alimtazama, akaona kwamba huyu mama hatanii. Alibandua karatasi, akaikunja, akaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

"Haya, lete hicho kitambaa. Kinatisha, lakini lete."

Siku hiyohiyo aliivisha mashine uzi wa dhahabu wa Mama Megha. Ikaupokea kimya. Ikadarizi ua la kwanza, la pili, na katikati ya la tatu uzi ukakatika. Akautunga upya. Ukakatika tena. Ulikuwa uzi mbovu usio na mfano.

"Vipi, inaenda?" Mama Megha aliita kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Inaenda kama maji!" Fakhriya alipaza sauti. Kisha akalamba ncha ya uzi, akainamia tundu la sindano, akaendelea kuutukana kimyakimya uzi aliouchagua mwenyewe.