Kikombe Kisichotikiswa

Dada yake Mawadda aliolewa na bwana mtamu sebuleni, shubiri jikoni. Kwa hiyo posa ya Yaarub ilipofika kwao Rashidiya, Mawadda akamwambia babake, Mzee Sulaiti, "Picha sitaki. Nataka nimwone anavyosema na mtumishi."

"Haya. Lakini jibu nilipate kabla wageni hawajaondoka," alisema Mzee, kicheko kimembana. Alikuwa keshapigiwa simu na babake Yaarub: huko nako Yaarub kampa dereva wake kanzu, yeye ajifanye dereva, amchunguze bibi harusi!

Basi Joweria, msichana wa kazi kutoka Uganda, akavishwa abaya ya hariri, akakalishwa kochini. Mawadda akavaa aproni, akashika dele la kahawa.

Yule bwana wa kanzu alikunywa, akamiminiwa, akanywa tena, jasho linamtiririka. Masikini ya Mungu! Hakujua kwamba ukitosheka unatikisa kikombe. Usipotikisa, unaongezwa tu.

Barazani, dereva alipokea chake. "Ahsante dada. Pole na kazi." Akanywa, akakitikisa kwa mazoea, kisha akamtazama Mawadda, akakinyoosha upya.

"Niongeze."

Akaongezwa. Akaomba tena, na tena, na hakutikisa tena asilani. Mawadda moyo ulimpaa. Yarabi, dereva! Baba anangoja jibu la bwana, yeye keshampenda dereva! Atamwambia nini?

Akarudi sebuleni na dele lake, akamkuta Joweria uvumilivu umemwisha.

"Tikisa, ssebo, tikisa!" Kiganda kikamponyoka. "Utapasuka!"

"Kumbe Mganda mwenzangu!" bwana akaruka. "Dada, niokoe. Mimi Shafiq, dereva tu. Bwana Yaarub yuko nje!"

Mawadda alitoka mbio, nusura amwage kahawa. Yaarub alikuwa amesimama, anamngoja.

"Dada, nikwambie kweli. Mimi ndiye mposaji. Bibi yako simtaki. Baba atanifukuza nyumbani, na anifukuze! Nakutaka wewe."

"Mimi? Mshika dele?"

"Wewe."

Mawadda akacheka kwa furaha. Ndipo Mzee akaita kutoka ndani, "Mawadda, mwanangu! Wageni wanataka kuondoka. Jibu liko wapi?"

"Mawadda? Kumbe bibi harusi ndiye wewe!" Yaarub akamaka.

Mawadda akamjazia kikombe mpaka juu.

"Bado, baba!" akapaza sauti. "Mgeni wangu hajatikisa kikombe!"

Yaarub akakikamata kikombe kwa mikono miwili, kisije kikatikisika.